Ukanda wa Pili

Kata iligonga ukingo wa mtungi, nikaamka. Alfajiri ilikuwa bado. Mume wangu Nassibu alikuwa uani akichota maji taratibu, akijitahidi asitoe sauti kwa kudhani nimelala. Alichota ya kutawadha, kisha akachota mengine akajaza debe la kumwagia gari. Nikajua hakupata usingizi.

Jioni iliyotangulia alikuwa amekuja Donatus, dereva mwenzake, aliyerudi kutoka Geita. Hata kukaa hakukaa. Alisimama barazani na kofia mkononi.

"Nassibu, mama yako yu taabani. Anasema uende akuone."

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikamsikia. Kwa hali niliyomwona, usichelewe."

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, mwezi wa Machi, na mvua za mwaka ule hazikuwa na mapumziko.

Mama mkwe wangu, Bi Tabu, alikuwa hajasema na mwanawe tangu aende vitani. Alikuwa na sababu. Katika vita vya Mjerumani kaka yake alichukuliwa kuwa mpagazi, hakurudi, na kaburi lake halikujulikana. Basi Nassibu alipotaka kujiandikisha jeshini afundishwe udereva, mama yake alimwambia, "Ukipanda magari yao, radhi yangu usiitafute." Nassibu alikuwa kijana, akapanda. Alirudi mzima, akakaa Shinyanga akiendesha lori la tajiri mmoja, akanioa. Mara mbili alimpelekea mama yake kanga, na mara mbili zilirudi zimekunjwa vilevile. Binti yetu tukampa jina lake. Hata kwa hilo hakutuma salamu.

Kwetu mtu aliyekosa radhi ya mama hakukosa kitu kidogo. Atasali, atafunga, atatoa sadaka, lakini kila jambo linalomharibikia anajua lilikoanzia. Nassibu hakuwa msemaji wa mambo hayo. Ila nilimwona, kila mtoto wa jirani akiitwa na mama yake, naye hugeuka.

Sasa alikuwa ameitwa.

Tajiri alikuwa na magunia ya unga ya kupeleka mgodini Geita, akakubali Nassibu aende nayo siku ile ile. Mimi nikasema nitakwenda pia, maana mama mkwe nisiyewahi kumwona siwezi kungoja nimkute kaburini. Tabu tulimwacha kwa jirani yetu Generosa. Alimpokea akiwa bado na usingizi, akamlaza katikati ya watoto wake, wala hakuuliza tutarudi lini.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi, moja ya yale yaliyouzwa baada ya vita. Chini ya rangi nyekundu ya tajiri ulikuwa bado unaiona ile ya majani. Uzuri wake ni kwamba liliweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kando ya gia kubwa palikuwa na kijiti kingine cha chuma, kifupi, ambacho madereva walikiita gia ya mbele. Ukikivuta kwako, magurudumu ya mbele nayo yanashika kazi. Kwenye barabara ngumu hukitumii. Lakini kwenye mbuga, ule udongo wetu mweusi unaonata kama ugali mvua ikinyesha, bila hicho kijiti huvuki.

Tulipita Samuye jua likiwa limeshatoka. Mbele ya kijiji tukaingia mbuga. Nassibu alisimamisha gari, akavuta gia ya mbele, akaondoka polepole. Hatukufika mbali. Kijiti kililia tak, kikaruka kikarudi mahali pake, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba.

Akarudi nyuma kidogo, akakivuta tena. Tak.

"Donatus aliniambia kina jini," alisema.

"Na wewe unasemaje?"

"Jini gani anakaa kwenye mafuta ya gia? Sikiliza, Mama Tabu. Nitaendesha, wewe kitazame tu. Uniambie kinaruka lini, nikikanyaga mafuta au nikiachia."

Tukaenda kidogo. Kikaruka. Tukaenda tena.

"Ukiachia," nikamwambia. "Na ukipiga shimo. Ukikanyaga kinatulia."

"Kumbe una macho kuliko Donatus."

"Donatus hutazama njiani kama kuna wanawake."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu jioni. Akashuka, akaanza kutafuta ugonjwa. Kwanza aliangalia tundu la sakafu ambamo kijiti kilipita. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua, na kijiti kikivutwa kiliegemea ukingo kabla hakijafika mwisho. Alichukua kisu changu cha jikoni akachonga ule ukingo. Tulipojaribu, kilikaa zaidi kuliko mwanzo, kisha kikaruka.

Akafungua kizibo pembeni, akatoa springi ndogo na gololi. Alinieleza kwamba hiyo springi ndiyo inayoisukuma gololi iingie kwenye kijishimo, ili kijiti kikivutwa kibaki pale. Ilikuwa imechoka. Aliivuta kidogo kwa mikono, akaweka chini yake senti yenye tundu, akafunga. Safari hii kilikaa mpaka tukasahau kukitazama. Tulipopiga shimo kikaruka kwa nguvu, kana kwamba kimekasirika.

Mwishowe akafungua kifuniko cha juu, akaingiza kidole na kufumba macho, kama mtu anayepapasa jipu la mtoto.

"Meno yamelika," alisema. "Yalikuwa na kona, sasa ni ya mviringo, kama meno ya ng'ombe mzee. Watu huvuta gia hii magurudumu yakiwa tayari yanazunguka matopeni. Kila ukivuta hivyo, unakata kona. Sasa hayashikani. Gari likijivuta kidogo tu, yanateleza."

"Yanatengenezeka?"

"Kwenye karakana, ndiyo. Hapa ni kuyashikilia tu."

Basi nikayashikilia mimi. Yeye alihitaji mikono yote miwili kwenye usukani. Nilikikamata kijiti, nikatia mguu kwenye ubao wa mbele, nikavuta kama mtu anayevuta ndoo ya kisimani. Kilitetemeka mikononi mwangu mpaka meno yangu yakagongana. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Kisha gurudumu lilidumbukia, kijiti kikaniponyoka na kunipiga kwenye kifundo cha mkono. Nassibu aliposikia nimeguna, alizima gari.

Hapo ndipo tulipoonwa na Mabula.

Alikuwa mzee wa Kisukuma, mji wake, yaani boma la nyumba zake, uko juu kidogo, pembeni ya mbuga. Alishuka na fimbo yake, akatusalimu, akalitazama lori kwa muda.

"Vita vimeisha," alisema, "majeruhi wametuletea sisi."

Alitupeleka kwake. Mkewe aliuona mkono wangu kabla sijausema. Akachemsha maji, akaniosha, akanipaka samli, akaufunga kwa kitambaa safi ambacho nadhani alikuwa amekiweka kwa jambo la maana. Hakujua Kiswahili, nami Kisukuma changu kilikuwa cha sokoni. Kila alipobonyeza penye maumivu alisema, "Pole, mayu," yaani pole mama, na hilo lilitutosha.

Nassibu alimweleza Mabula shida ya gari, na safari yetu pia. Mabula aliposikia habari za mama mgonjwa hakuuliza tena juu ya gari. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na chungu. Ndani mlikuwa na kanda za ngozi ya ng'ombe, zimelowekwa. Alikuwa anasuka kitanda.

"Jembe langu likilegea mpini, nafunga kwa ngozi mbichi," alisema. "Ikikauka hata mimi siwezi kuifungua. Hicho kijiti chako si zaidi ya mpini."

Nassibu alisita. "Samahani, baba. Huyo ng'ombe alikufa au alichinjwa?"

"Alichinjwa na Mwislamu mwenzako, mwenye bucha pale Samuye. Hata mimi nisiyesali nilikula nikamshukuru Mungu wenu."

Wakashuka garini. Mabula alizungusha ukanda kwenye kijiti, akaupitisha chini ya mguu wa kiti, akavuta huku amekanyaga, mishipa ya shingo imemtoka, akafunga. Nassibu alikipiga kijiti kwa ngumi. Hakikutikisika.

"Ukikauka haufunguki, mtaukata mkifika pagumu," Mabula alisema. "Kwa hiyo mchukue na wa pili. Mbele ya Kahama kuna mbuga nyingine, na ile ni mama wa hii."

Akauinua ukanda mwingine kutoka chunguni, maji yakichuruzika.

"Hapana, baba," Nassibu akasema. "Umeshatupa mmoja. Hatuwezi kukivua kitanda chako."

"Kitanda kitangoja."

"Mungu akulipe. Huu unatosha kabisa."

Nassibu alilelewa kama nilivyolelewa mimi. Ukipewa, pokea. Ukiongezewa, kataa kwanza, ili mwenyeji asikuone mroho. Akikushikilia, ndipo upokee. Mabula naye alilelewa na watu wake. Kwake mgeni akikataa jambo, ukimlazimisha umemwaibisha. Akaushusha ukanda taratibu. Adabu mbili zilikutana pale kando ya lori, kila moja njema, na ukanda wa pili ukarudi chunguni.

Tukavuka mbuga ile kama tunapita uwanjani. Nassibu aliendesha mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, na mimi nilikaa na mkono wangu uliofungwa, tukiwa na furaha. Nakumbuka alisema, "Mama atanicheka nikimwambia nimefika kwa ngozi ya kitanda." Tukalala Kahama.

Asubuhi ukanda ulikuwa umekauka kwa joto la injini, umekaza, ukiugonga unalia kama mti. Kutoka Kahama barabara ilipanda kwenye ardhi nyekundu, ngumu, ambayo mvua iliiosha bila kuilainisha. Hapo gari likaanza kulalamika. Usukani ulikuwa mzito hata Nassibu akawa anaugeuza kwa mabega. Kwenye kona matairi yalilia. Tajiri alikuwa ameweka matairi mapya nyuma, na mbele akaacha ya zamani yaliyolika.

"Ya mbele yanataka kwenda mwendo wao, ya nyuma mwendo wao," Nassibu alinieleza. "Kwenye tope wanateleza kidogo, wanasameheana. Hapa pagumu hakuna anayekubali. Kinachoumia ni vyuma vya katikati."

"Basi tuikate hiyo ngozi."

"Tukiikata, kule mbele tutafunga nini?"

"Kanga yangu."

"Ingeshika mpaka shimo la kwanza."

Nilijua anasema kweli, naye alijua kwamba nimesema kweli. Tulisimama kwenye mji wa kwanza tuliouona, tukapiga hodi kuomba ngozi. Wenyewe walikuwa shambani. Alikuwepo mbwa tu. Kwenye mji wa pili walikuwa na ngozi kavu, na kuiloweka kulihitaji kutwa nzima. Nassibu alitazama jua. Niliona jinsi alivyolitazama, kwa hiyo sikumwambia tungoje. Aliendesha polepole, akiacha magurudumu ya upande mmoja yapite kwenye majani, ili yateleze kidogo na kupunguza mkazo. Alijua kila kitu cha kufanya, alichokosa ni ukanda wa pili tu.

Lilipovunjika halikutoa mlio mkubwa. Ulikuwa kama wa mfupa wa kuku. Kisha usukani ukawa mwepesi ghafla, mwepesi kupita kiasi.

Aliingia chini ya gari, akatoka na kipande cha chuma cha shafti inayozungusha magurudumu ya mbele, akakiweka juu ya bampa na kukaa kando yake. Hakutukana. Aliwahi kuniambia kwamba jeshini matusi ndiyo kitu cha kwanza walichofundishwa, kabla ya breki, lakini siku ile hakuyatumia.

"Lilikuwa likiniambia tangu asubuhi," alisema.

Akachukua kisu kuukata ukanda, ambao sasa haukuwa na kazi. Ilimbidi aukereze kama msumeno. Mabula alikuwa amefunga vizuri.

Tulikwenda kwa kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu mpaka mbuga ya mbele, na mbuga ikatuchukua mpaka ubavuni. Tulishusha magunia, tukakata matawi, tukasukuma, tukazama zaidi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia mpunga alituletea uji katika kibuyu, akarudi kazini bila kungoja shukrani. Mumewe alisema ng'ombe wake wamekwenda mbali, watakuja kesho. Walikuja kesho yake kweli, pamoja na wanaume wa mji ule, wakatuvuta kwa minyororo wakiimba na kumtania Nassibu kwamba gari lake limekuwa plau. Hawakutaka kitu. Mmoja alinifutia matope kiti changu kwa shati lake.

Nawataja kwa sababu walikuwa wema, na kwa sababu wema wao haukutosha.

Tulifika Geita alasiri. Kinu cha mgodi kilikuwa kikiponda mawe kule kilimani, ule mdundo usiokwisha. Nje ya nyumba ya mama mkwe kulikuwa na mikeka na watu wameketi kimya. Muhidini, kaka yake mkubwa Nassibu, alikuwa katikati yao. Hakuinuka.

"Shikamoo, kaka," Nassibu alisema.

"Marahaba. Unga wa mgodi umefika salama?"

Hakuna aliyecheka. Nassibu alikuwa na matope mpaka kifuani.

"Mama yuko wapi, kaka?"

"Tumemzika jana."

Nilimwona mume wangu akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

"Gari lilivunjika," alisema. "Gia ya mbele ilikuwa haikai. Tulikwama."

"Magari ya vita hayajamletea mama yangu heri hata siku moja."

"Mama yetu."

"Mama yangu. Wewe ulimwacha, nikabaki mimi. Nimemgeuza kitandani kwa mikono hii." Nilimchukia, lakini wakati ule ule niliona macho yake, mekundu ya mtu asiyelala. Alikuwa anasema kweli.

Nassibu alipiga magoti mkekani. "Kaka, aliacha neno kwangu?"

Muhidini alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Alikungoja," alisema. "Hilo ndilo neno."

Tulikaa pale mpaka watu wakatawanyika. Nassibu alikwenda kaburini, akasoma dua, akarudi, akakaa pembeni ya lori badala ya kukaa na wanaume. Mimi nikaingia ndani kwa wanawake. Hapo ndipo nilipomjua Serafina, Mngoni, Mkristo, mke wa mchimbaji aitwaye Herman. Nyumba zao zilipakana. Siku zote za ugonjwa ndiye aliyepika uji wa Bi Tabu, kwa sufuria mpya aliyoinunua makusudi, ili mgonjwa asiwe na wasiwasi kama iliwahi kupikiwa nguruwe. Hakunieleza yeye. Niliambiwa na wengine.

Alinitazama mkono, akaufungua, akabadilisha kitambaa. Kisha akasema, "Mwite mumeo aje uani. Kuna jambo."

Nassibu alikuja, akasimama mlangoni.

"Baba Tabu," Serafina alisema, "mama alitaka mlango uachwe wazi mchana. Kila lori lililopanda mgodini aliuliza, 'Ni yeye?' Tukamwambia bado. Siku ya mwisho lilipita moja, akasema, 'Kama ni Nassibu, mwambieni aingie na viatu vyake. Asichelewe kuvua.' Hakusema tena."

Kinu kilikuwa kikidunda.

"Hakusema radhi?"

"Sikulisikia hilo neno."

"Hata kwa kunong'ona? Labda ulikuwa umetoka."

"Nilikuwepo, baba. Nilikuwa nimemshika kichwa. Ningependa kukuongezea, lakini siwezi kumsemea marehemu."

"Asante kwa kutoniongezea," Nassibu alisema.

Akatoka. Baadaye alimweleza Muhidini yale maneno ya viatu, nami nikasikia jibu kutoka ndani. "Radhi ni radhi. Viatu ni viatu." Nassibu hakubishana. Na kwa miaka yote niliyoishi naye baada ya hapo, sikuwahi kumsikia akisema kwamba alipewa. Wala hakusema kwamba alinyimwa. Alikuwa akivua viatu mlangoni taratibu sana, kama mtu anayefikiri.

Asubuhi alipeleka unga mgodini, akafunga shafti iliyobaki kwa waya isiburuze, tukawa tayari kurudi kwa magurudumu mawili na kungoja jua mahali patakapohitaji jua. Muhidini alitoka kutuaga. Alimpa ndugu yake mkono, akanipa mimi mkono. Nilisimama kidogo zaidi ya ilivyopasa, nikingoja yale maneno mawili ambayo hata mgeni asiyependwa huambiwa. Aliingia ndani bila kuyasema.

Serafina ndiye aliyetusindikiza mpaka kwenye lori. Alikuwa na viazi vilivyochemshwa, vimefungwa katika jani la mgomba. Akaniwekea mapajani, kisha akatoa fungu la pili.

Nililipokea kabla hajamaliza kunyoosha mkono.

Nassibu aliwasha gari. Serafina alishika mlango, akatembea nasi hatua chache, kanga yake ikiburuza matopeni.

"Mje tena, Mama Tabu," alisema. "Mje na huyo Tabu mdogo nimwone. Msingoje mtu augue."